Kaizari Hapumui

Haya, wajukuu zangu wa Musoma, Bunda na Butiama, sogeeni karibu. Mnajua Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, na shule ya Mwisenge aliyosoma iko hapohapo mjini Musoma. Je, mmeambiwa kwamba alitafsiri tamthiliya? Mwaka 1963, akiwa Rais mwenye nchi changa mabegani, alitoa kwa Kiswahili mchezo wa William Shakespeare kuhusu Juliasi Kaizari. Mwaka 1969 akautoa tena baada ya kuupitia upya, akaongeza na Mabepari wa Venisi.

Huyo Shakespeare naye hakuwa mtu wa kukaa mezani tu. Alikuwa mwandishi, mwigizaji na mmoja wa wenye hisa wa kundi lake la maigizo. Katika London ya wakati ule makundi yalibadilisha mchezo karibu kila siku. Mwigizaji hakupewa kitabu kizima. Alipewa karatasi yenye maneno yake, pamoja na maneno machache ya mwisho ya mwenzake ili ajue zamu yake imefika. Asubuhi anapitia mchezo wa leo, mchana anaucheza, jioni anakariri wa kesho. Alilala saa ngapi?

Sasa chukueni mchezo huo muucheze ninyi. Mwongozaji ana watoto kumi na wawili, na Roma nzima inamsubiri. Basi aliyekuwa fundi viatu dakika chache zilizopita atavua kofia, ajifunge shuka begani, arudi akiwa mheshimiwa. Nani anashika hiyo shuka nyuma ya pazia? Nani anahesabu majambia, yasije yakabaki matano wakati wauaji wa Kaizari ni sita? Mwongozaji. Ni yeye pia anayemwambia Brutus, mmoja wa wauaji hao, asiupe umati mgongo, na anayemfuata nyumbani aliyekosa mazoezi kwa sababu ametumwa kuchota maji.

Na Kaizari je? Akishachomwa, msidhani kazi yake imekwisha. Rafiki yake Mark Antony anahutubia juu ya maiti yake, na hotuba ni ndefu kwelikweli. Nzi atatua puani, jasho litatiririka, tumbo litataka kupanda na kushuka. Kaizari hapumui! Yaani anapumua, ila kwa ufundi: pole pole, kifua kimetulia, uso umegeuzwa kidogo upande usio na watazamaji. Ufundi huo una mazoezi yake, na mwongozaji atakulaza sakafuni jioni baada ya jioni mpaka uupate. Baadaye unanyanyuka, unabadili maleba haraka, unarudi jukwaani ukiwa mzuka.

Hapa kwetu mtazameni Profesa Amandina Lihamba, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: mwigizaji, mwandishi, mwongozaji na mwalimu. Katika filamu ya Maangamizi, ya mwaka 2001, aliigiza Samehe, mgonjwa aliyenyamaza. Macho, mabega na pumzi vilibidi viseme badala ya mdomo, na mimi naiona hiyo kuwa kazi ngumu kuliko hotuba yoyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, yeye na wenzake, akiwamo Penina Mlama, walifika Malya, jirani zetu wa mkoa wa Mwanza. Hawakwenda na mchezo uliokwisha andikwa. Walikaa na wanakijiji, wakasikiliza, na jambo likajitokeza: wasichana wanapata mimba na kuacha shule. Vijana wa hapohapo wakalitungia ngoma na igizo. Igizo likiisha, watu hawatawanyiki. Wanajadili, na mwongozaji anasimama kati yao akisikiliza hata anayefoka. Mwaka 1996 Lihamba na Mlama wakaanzisha Tuseme, ambamo wasichana wa sekondari wanachunguza wenyewe kinachowakwamisha shuleni, wanakitungia igizo, wanalicheza mbele ya wakubwa wenye uwezo wa kubadili mambo.

Mtu wa namna hiyo anafundisha asubuhi, anafanya mazoezi jioni, anasafiri, anarudi kuandika. Akiingia jukwaani mnaona saa moja tu ya kazi yake.

Kwa hiyo mkirudi shuleni, mwombeni mwalimu wa Kiswahili awatafutie Juliasi Kaizari. Chagueni mwongozaji mtakayemtii, mwenye ala ya litungu nyumbani aje nayo kuupigia mchezo muziki, na mazoezi yaanze wiki hii.