Ugali Unapokwama: Kumtunza Asiyeweza Kumeza

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Mwaka jana nisingeweza kuandika makala haya. Nilidhani kuuguza ni kumpa mtu dawa na kumwambia pole. Kumbe sivyo!

Nyanya yangu, tunayemwita Kogo, anaishi nasi hapa Bomet. Mambo yalianza kwa ugali. Alisema unakwama kifuani, akawa anausukuma kwa maji. Sisi tukacheka, eti ni uzee. Tukamnunulia dawa za koo dukani. Baadaye wali nao ukakwama, kisha hata uji. Nguo zote zilipompwaya ndipo tukampeleka hospitali. Daktari alipitisha mpira mwembamba wenye kamera mdomoni, akatoa kinyama kidogo kikapimwe. Jibu likawa saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Wakati wa kupasuliwa ulikuwa umepita. Aliwekewa kijibomba cha waya kiitwacho stenti. Hakiponyi saratani, bali hufungua njia tu.

Kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa kutwa, kazi ya jioni ni yangu. Muuguzi alinifundisha hivi:

Kwanza, kuketi. Mgonjwa alishwe akiwa ameketi wima, na asilale upesi baada ya kula. Angoje angaa nusu saa. Siku moja nilimlisha Kogo akiwa amejilaza, tena nikamharakisha kwa sababu nilikuwa na hesabu za kumalizia. Akapaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Nilidhani namuua! Chakula kikiingia njia ya hewa huweza kuleta nimonia. Hata usiku kichwa chake huinuliwa. Baba aliweka matofali chini ya miguu ya kitanda, upande wa kichwani.

Pili, chakula. Apewe kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku. Kogo hupewa uji wa wimbi wenye maziwa, ndizi zilizopondwa na supu ya viazi. Vipande vya nyama na mkate mkavu, hapana, maana huziba stenti. Akishakula, anywe maji kidogo ya kuisafisha. Vidonge navyo visipondwe kabla ya kumwuliza muuguzi.

Tatu, kinywa. Hata asiyekula hupigwa mswaki! Tumia mswaki laini asubuhi na usiku, kisha asukutue kwa kikombe cha maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, ateme. Midomo iliyokauka ipakwe mafuta. Ukiona utando mweupe ulimini, usiukwangue. Mwambie muuguzi, huenda ni ukungu, nao una dawa.

Akitapika damu, au hata maji yakikataa kupita, msingoje kesho. Hospitali mara moja.

Ugonjwa huu unajulikana sana upande wetu wa Bonde la Ufa. Sigara na pombe huuongeza. Mwaka wa 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema kwamba vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vikausababisha. Basi chai yako na ipoe kidogo.

Jana Kogo alimaliza kikombe kizima cha uji akaniambia, "Kongoi." Hajapona, lakini hakulala njaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukimsikia nyanya au babu akisema ugali unakwama, usicheke kama nilivyocheka mimi.

Mwanachama, Kidato cha 3