Casillas: Mshipa ulifunguliwa, ikabaki mechi ya marudiano

SHABIKI yeyote aliyetazama fainali ya Kombe la Dunia 2010 pale Soccer City, Johannesburg, anaukumbuka mguu wa Iker Casillas. Arjen Robben alibaki naye ana kwa ana, kipa akaruka, Robben akapiga, na ule mguu ukauchepusha mpira nje. Hispania ikashinda 1-0, Casillas akanyanyua kombe kama nahodha.

Mei 1, 2019, kipa huyohuyo alikuwa mazoezini na FC Porto ya Ureno alipopatwa na mshtuko wa moyo. Alikuwa na miaka 37. Alikimbizwa hospitali, madaktari wakapitisha katheta, mrija mwembamba unaopenyezwa ndani ya mshipa wa damu hadi kwenye moyo, na njia iliyoziba ikafunguliwa.

Siku chache baadaye alitoka hospitali akitembea. Lakini langoni hakurudi tena. Agosti 4, 2020 alitangaza kustaafu.

Hapo ndipo wengi walipobaki na swali. Christian Eriksen moyo ulimsimama uwanjani kwenye Euro, Juni 2021, akawekewa kifaa cha kuushtua moyo, na mwaka uliofuata akawa anapiga pasi Ligi Kuu England. Sasa Casillas, ambaye hata hakuzimia mbele ya kamera, ilikuwaje ashindwe?

Ni magonjwa mawili tofauti. Kifaa cha Eriksen kinalinda umeme wa moyo. Tatizo la Casillas lilikuwa kwenye bomba la kupeleka damu, na bomba hilo likishafunguliwa, kazi ndiyo kwanza inaanza.

UKUTA ULIO HAI

Mshipa wa damu siyo bomba la plastiki. Ndani kabisa una utando laini, na nyuma ya utando huo kuna seli za misuli. Kazi ya seli hizo ni kuukaza mshipa na kuulegeza. Winga akianza kukimbia, zinalegea ili damu ipite kwa wingi kwenda miguuni. Siku za kawaida ni kama mabeki wenye nidhamu: hazipandi mbele na hazizaliani ovyo.

Shida ni kwamba kuufungua mshipa ni kuujeruhi pia. Daktari hupeleka puto dogo hadi palipoziba, akalipuliza, na mara nyingi huacha pale stenti, kijimrija cha wavu wa chuma cha kushikilia njia isijifunge. Damu inapita, maumivu yanaisha. Ila ule utando wa ndani umechubuka.

Mwili ukiona mchubuko, hutuma chembe sahani, zile zinazogandisha damu kwenye kidonda. Zikifika, zinamwaga vichocheo vya ukuaji.

Jambo hili lilionyeshwa mwaka 1974 na Russell Ross na wenzake huko Seattle, Marekani. Walikuza seli za misuli ya mshipa maabara. Walipoziwekea majimaji ya damu iliyoganda, zikazaliana. Walipoziwekea ya damu iliyoondolewa chembe sahani, zikatulia tuli. Chembe sahani ziliporudishwa, seli zikaanza tena kuzaliana.

PASI FUPIFUPI

Kichocheo cha ukuaji hakina haja ya kuingia ndani ya seli. Kinagonga mlangoni tu, kwenye kipokezi kilichokaa juu ya ngozi ya seli. Kipokezi hicho chenyewe ni kimeng'enya kilichokuwa kimelala. Kikiguswa, kinaungana na mwenzake, wanapachikana fosfeti, na hapo wameshaamka.

Kuanzia hapo ni pasi fupifupi. Kimeng'enya hiki kinakiwasha kile, nacho kinawasha kingine, mpaka ujumbe unafika kwenye kiini cha seli: acha kulinda, anza kuzaliana.

Seli hizo pia huongeza vimeng'enya vya aina nyingine, vinavyofanya kazi kama mikasi. Vinakata nyuzi za kolajeni zilizozizunguka, na njia ikishapatikana seli zinahama kutoka katikati ya ukuta kwenda upande wa ndani, kule damu inakopita. Beki ameacha namba yake, amepanda, na wenzake wote wamemfuata. Njia inaanza kuwa nyembamba tena.

Andreas Grüntzig alifungua mshipa wa moyo kwa puto kwa mara ya kwanza mjini Zurich, Uswisi, Septemba 1977. Ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini katika zama zile za puto peke yake, takriban theluthi ya mishipa iliyofunguliwa ilirudi kuwa myembamba ndani ya miezi sita. Stenti za kwanza ziliwekwa Ufaransa na Uswisi mwaka 1986. Zilipunguza tatizo, ila hazikulimaliza, kwa sababu chuma hakiwezi kuizuia seli iliyokwishaamriwa kuzaliana.

USAJILI KUTOKA RAPA NUI

Suluhisho lilitoka mahali ambapo hakuna aliyepategemea. Mwaka 1964, msafara wa wanasayansi kutoka Canada ulichota udongo katika kisiwa cha Rapa Nui, kilicho chini ya Chile katikati ya bahari ya Pasifiki. Ndani ya udongo ule kulikuwa na bakteria wanaotengeneza kemikali iliyokuja kupewa jina la kisiwa hicho: rapamaisini.

Kemikali hiyo inakaba kimeng'enya kimoja tu ndani ya ule mnyororo wa pasi, kinachoitwa mTOR. Kikikabwa hicho, ujumbe haufiki mwisho na seli inakwama kabla ya kugawanyika. Madaktari wakapata wazo la kuipaka juu ya stenti, ivuje taratibu palepale inapohitajika. Stenti za namna hiyo ziliwekwa kwa watu kwa mara ya kwanza mwaka 1999, São Paulo ikiwa kati ya miji iliyotangulia, na mwaka 2003 zikaruhusiwa Marekani. Mishipa inayojifunga tena ikapungua sana.

KWA NINI KIPA HAPONI KAMA MTU WA OFISINI

Kila kitu kina bei yake. Dawa inayozizuia seli za misuli inauchelewesha pia ule utando wa ndani kufunika chuma. Chuma kikiwa wazi, damu inaweza kuganda juu yake ghafla. Ndiyo maana baada ya mshtuko wa moyo mgonjwa kwa kawaida hupewa dawa mbili za kuzuia damu kuganda, mara nyingi kwa mwaka mzima.

Kwa mtu wa ofisini hilo siyo tatizo kubwa. Kwa kipa ni hesabu nyingine kabisa. Kazi yake ni kujitupa miguuni mwa washambuliaji, kupigwa magoti ya mbavu, kugongana vichwa kwenye kona. Pigo ambalo zamani lingeacha nundu tu, kwa mtu ambaye damu yake haigandi upesi linaweza kumwaga damu ndani ya kichwa. Kwa kipa anayekaribia miaka 40, mwaka mzima wa kukwepa hatari hiyo unatosha kufunga kazi.

Huduma ya kufungua mishipa leo ipo hata Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Hatari iliyobaki ni ya mgonjwa mwenyewe. Anajiona mzima, anapanda ngazi bila kuhema, anaamua vidonge sasa basi bila kumuuliza daktari.

Anayefanya hivyo anatoka uwanjani akiongoza bao moja, huku mechi ya marudiano bado inachezwa ndani ya ukuta wa mshipa wake.