Kavumu: ndege iliyokalia mkia

Hapa Kavumu, kilomita karibu 30 kutoka Bukavu kwenye barabara ya Goma, watoto walizoea kutambua ndege kwa mlio mbele ya kujua kusoma. Antonov 28 ina mlio wake, L-410 wake. Vita ilipofika huku Februari 2025, ile milio ikanyamaza. Mtoto wangu wa miaka kumi akaniuliza: «Papa, zitarudia siku gani?» Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kartoni tu.

Kartoni ile ilitumwa na ndugu aliye Ubelgiji. Ndani yake mlikuwa Boeing 737 ya plastiki, vipande vipande, ya kuunga mwenyewe. Ni ndogo mara 144 kuliko ile ya kweli. Toka bawa hadi bawa ni sentimita karibu 20. Mtoto akapiga hesabu: pisti ya Kavumu, yenye mita 2 000 hivi, ingekuwa mita 14, yaani toka mlango wetu mpaka kwenye mti wa avoka wa jirani.

Kazi hii haitaki mtu wa haraka. Vipande vinashikana kwenye fremu. Unavikata kwa jileti, hauvivunji kwa mkono, halafu unalainisha kwa msasa. Unaviosha kwa maji na sabuni, kwa sababu vinatoka kiwandani na mafuta kidogo, na rangi haishiki juu ya mafuta. Kole ya kazi hii inayeyusha plastiki na kuiunganisha, kwa hiyo tone dogo linatosha. Ile kole ya haraka ya kutengeneza viatu, musiikaribishe kwenye vioo: mvuke wake unaacha ukungu mweupe. Sisi tulijua hivyo kwa kuharibu. Kioo kimoja cha rubani ni cheupe mpaka leo.

Siku ya tatu tukafunga nusu mbili za mwili kwa skochi, tukaweka mabawa na magurudumu ili kujaribu. Ndege ikainua pua, ikakaa chini kwa nyuma.

«Papa, ndeke yetu iko inakaa sawa imbwa!»

Mujomba wake alikuwa pale kwenye lupango, kimya kama kawaida. Ni krezeri wa upande wa Shabunda. Alikuja Januari kumwona mama yake mgonjwa, akitegemea kurudi kwa ndege ya mizigo. Ndege hakuna, na barabara ya Shabunda munaijua. Miezi ikapita. Mwanaume aliyezoea kulisha watu sita akawa anangojea sahani kama mgeni. Watoto walikuwa wameacha hata kumsemesha.

Siku ile akasimama, akachukua ndege yetu, akaiweka juu ya vidole viwili, pale penye magurudumu makubwa. Mkia ukashuka. Akacheka.

«Munatafuta uzito? Uzito njo kazi yangu.»

Akaleta kopo ndogo yenye punje za kasiterite. Kila mmoja wenu anajua sababu. Jiwe la kawaida halifiki uzito wa maji mara tatu; kasiterite inakaribia mara saba. Ndiyo maana ukiosha mchanga, maji yanabeba ule mwepesi na yenyewe inabaki chini. Ndani ya pua ya ndege mna nafasi ndogo kabisa, kwa hiyo inafaa kitu kidogo chenye kulemea. Akaongeza punje moja moja, mtoto akishika ndege kwenye vidole, mpaka pua ikashuka yenyewe. Tukazibandika kwa kole ili zisitembee, tukafunga mwili.

Ile «zisitembee» akaieleza mtoto vizuri. L-410 inabeba karibu tani moja na nusu. Pale kwenye pisti za porini, mifuko haitupwi ovyo: inapangwa mbele na nyuma, inafungwa kamba. Mzigo ukihama hewani, rubani anaweza kushindwa. Tarehe 25 Agosti 2010, L-410 ilianguka Bandundu, watu 20 wakafa. Mmoja tu alipona. Alieleza kwamba mamba mdogo alitoka kwenye mfuko wa abiria, watu wakakimbilia mbele kwa woga, ndege ikapoteza usawa wake.

Rangi ndiyo ilikula siku mingi. Nyeupe inapakwa nyepesi mara tatu au ine, na kila mara unangoja ikauke. Wakati wa mvua haikauki. Wakati wa vumbi inashika vumbi. Tuliifunika kwa beseni.

Karatasi za kubandika za kampuni ya Ulaya, mtoto akazikataa. Alitaka chui. Air Congo iliyoanza 1961 ikaitwa Air Zaïre mwaka 1971, ikafa 1995. Ilikuwa na Boeing 737 pia, na chui akiruka kwenye mkia. Mujomba aliwahi kuiona akiwa kijana. Basi akachora yeye, kwa ncha ya kiberiti. Chui wetu anafanana na paka mwenye njaa, lakini mtoto hataki mtu amguse.

Sasa ndege imesimama kwenye kabati, magurudumu matatu chini. Mujomba aliondoka wiki iliyofuata, kwa moto, halafu kwa mguu. Siku kumi bila habari, kisha simu ikalia: amefika.

Wenye watoto nyumbani, kartoni na makopo vinatosha kutengeneza ndege. Lakini mujaribu kwanza kwenye vidole viwili mbele ya kufunga. Na kama kwenu kuna krezeri anayekaa kimya kwenye lupango, mumuulize swali la uzito.

Wageni wakishika ndege yetu, wanashangaa plastiki kulemea vile. Mtoto anawajibu: «Mbele muko mawe ya mujomba.»