Maji Ndiyo Saa: Jinsi ya Kupanga Safari ya Visiwani

Kila tunapofungua shule, wenzangu wa bara hunijia na swali lile lile: "Eti kwenu Lamu mnapanda boti kama sisi tunavyopanda matatu?" Swali hili nimelijibu bwenini, nimelijibu kwenye foleni ya chakula, na leo naona heri nilijibu hapa mara moja. Kupanda tunapanda. Lakini matatu haikuulizi mwezi una siku ngapi, wala haikupimi uzito kabla ya kuondoka. Boti ndogo ya mashine huuliza yote mawili, na asiyekuwa na jibu asivue kamba gatini.

Nitaeleza kwa mfano wa safari yetu ya Desemba 2024, tulipompeleka nyanya Faza kumwona mdogo wake, kisha tukarudi kwa kupitia Takwa. Faza iko kaskazini ya kisiwa cha Pate. Kutoka mji wa Lamu unapita Mkanda, yaani ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, unatokea ghuba ya Manda, unaupita Mtangawanda, kisha unaambaa na Pate hadi ufike. Ukipima kwenye ramani utapata kama kilomita 38 hivi. Boti yetu ni ya futi 20, yenye mashine ya nyuma ya nguvu za farasi 40. Ikiwa na mzigo huchukua saa mbili.

Kwa nini Desemba? Hebu tazameni likizo zetu. Aprili ni maleleji: kaskazi inakufa, kusi inaingia, mvua za masika nazo ndiyo hizo. Agosti kusi bado ina nguvu na bahari huchafuka. Desemba kaskazi ndiyo imeanza, na asubuhi huwa imetulia kabla ya kupanda adhuhuri. Njia yetu nayo ni ya ndani, kwani Manda na Pate zinaikinga na bahari kuu. Kwa hivyo mwanafunzi wa Lamu anayetaka kutembea visiwani kwa boti ndogo hana haja ya kuumiza kichwa: ni Desemba.

Ndani ya Desemba sasa itafutwe siku, na hapo ndipo mwezi unapoingia. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni takriban saa 12 na dakika 25, kwa hivyo kila siku maji huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: hayajai sana wala hayapwi sana. Pwani yetu ina desturi moja inayorahisisha hesabu. Siku ya mwezi mpevu maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri. Mwenye kulijua hilo ana ratiba ya mwezi mzima kichwani, manake kila siku anaongeza dakika 50 tu.

Sisi tulitaka kuingia Faza maji yakiwa yamejaa. Yakipwa, mbele ya mji hubaki tope na boti hukaa mbali. Kumbeba mkongwe wa zaidi ya miaka 70 katikati ya tope la mikoko si heshima na si salama. Pia tulitaka kuondoka Lamu kunapokucha, kabla upepo haujaamka. Basi hesabu ni hii: tukiondoka saa 12 asubuhi tutafika saa 2, kwa hivyo tutafute siku ambayo maji yanajaa saa 2. Kutoka saa 10 alfajiri hadi saa 2 ni saa 4 na kidogo, ambazo ni sawa na siku 5 za dakika 50. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 15, kwa hivyo siku yetu ikawa tarehe 20. Nayo ilikuwa Ijumaa, mjomba akafurahi kwamba sala atakwenda kuswali Faza.

Mnaona mambo yalivyo? Hakuna aliyeketi akasema "twende Jumamosi kwa sababu ni wikendi." Baba yangu, ambaye ni mtu wa ofisi, alilitaja jambo hilo la Jumamosi mara moja. Mjomba akamwonyesha hesabu, likaisha.

Kuna kanuni moja ambayo naiona ni kubwa kuliko zote: mahali penye maji haba, ingia na maji yanayojaa. Usingoje yajae kabisa. Ukikwama na maji yanayojaa, tulia tu, baada ya dakika 10 au 20 yatakuinua. Ukikwama na maji yanayopwa, umepwelewa. Mashine haitakusaidia, itatimua tope tu na kuvunja panga. Utakaa hapo juani hadi maji yaende yarudi, na watoto wameishiwa maji ya kunywa. Ndiyo maana siku ya kurudi, tarehe 23, tulipanga kufika mdomo wa kijito cha Takwa saa 4 kamili, ilhali maji yalikuwa yajae karibu saa 4 na dakika 40. Siku hizo zilikuwa za maji mafu, kijito hakikutarajiwa kujaa sana, kwa hivyo zile dakika 40 ndizo zilizokuwa akiba yetu.

Nije kwenye petroli, hesabu ambayo wengi huifanya nusu. Mjomba hukadiria lita 15 kwa saa, boti ikiwa na mzigo. Kwenda saa 2, kurudi saa 2, jumla lita 60. Mtu wa haraka angenunua lita 60 akaondoka. Nahodha hugawa kwa tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi isiyoguswa. Mwendo wa Faza ni kuikabili kaskazi, na upepo ukishika zile saa 2 zinaweza kuwa 3. Kwa hivyo zikawa lita 90, tukajaza mitungi 5 ya lita 20 ili tuwe na ziada ya mizunguko midogo. Mashine yetu ni ya zile zinazochanganyiwa oili, sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli, yaani mililita 400 kwa kila mtungi. Kazi hiyo nilipewa mimi na kikombe cha kupimia, na ilinipasa kuifanya jioni nchi kavu, mbali na jiko. Mchanganyiko haufanywi ndani ya boti inayoyumba, jamani.

Sasa kaa ufikiri. Lita 100 za petroli ni karibu kilo 75. Huo ni uzito wa mtu mzima! Mjomba husema petroli ni abiria asiyelipa nauli, na humhesabu. Boti yake haimruhusu kuzidisha vichwa 8. Tuliotaka kwenda tulikuwa 9: nyanya, baba, mama, mjomba mwenyewe, kaka, dada, mimi, na wadogo zetu wawili wa miaka 4 na 7. Ongeza petroli, tumekuwa 10. Mama alijaribu kusema kwamba wale wadogo wawili ni kama mtu mmoja. Mjomba akakataa. Mtoto ni roho, ana koti lake la kuokolea na ana mahali pake pa kukaa, basi ni mmoja.

Watu wawili walikuwa hawana budi kushuka. Hapa pakawa pazito, kwani mjomba hakuchagua wadogo wala wanawake. Alichagua wale wazito wawili, baba na kaka. Alisema kwa adabu, "Shemeji, niwie radhi, wewe na kijana mtapanda boti ya abiria ya Faza, na mizigo mikubwa muichukue." Baba ndiye aliyekuwa amenunua petroli yote. Alinyamaza kwa muda, nyanya naye akaangalia ukuta. Si jambo dogo kumwambia mwenye nyumba kwamba familia yake itasafiri na yeye atafuata na magunia. Mjomba hakuongeza neno. Hakuhitaji. Lamu hakuna asiyekumbuka Agosti 2017, boti iliyobeba watu wa familia moja ilipopinduka katika bahari yetu hii na jamaa wakazikana. Baba akasema, "Haya, nitapanda ya abiria." Kwa maoni yangu hapo ndipo safari ilipopangwa hasa, mengine yote yalikuwa matayarisho.

Makoti ya kuokolea yalikuwa 7 kwa watu 7, na ya watoto yalikuwa ya kipimo chao. Koti la mtu mzima humchopoka mtoto majini kama gunia lisilofungwa. Nyanya alitaka kulikalia lake liwe mto. Dada alimbembeleza mpaka akakubali kulivaa juu ya buibui. Buibui likilowa huwa zito na huvuta chini, na koti lililo chini ya mtu halimfai kitu.

Vyombo vingine nitavitaja mbiombio. Nanga, na kamba yake iwe ndefu mara tatu au zaidi kuliko kina cha maji, la sivyo nanga itaburura. Pondo na makasia mawili, kwa sababu mashine ni chuma na chuma huchoka. Plagi za akiba na spana yake, pini za panga, ndoo ya kufulia maji, tochi, filimbi, kioo cha kumulikia walio mbali, na simu ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa. Wenye boti wanajua pia kwamba chombo hukaguliwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na karatasi zake huwekwa pakavu.

Maji ya kunywa yanastahili sentensi zake. Msidhani kisiwa ni mahali pa kuchota tu. Manda haina maji matamu ya kutegemewa, na miji ya Pate tangu zamani huhifadhi mvua kwenye majabia. Mgeni anayefika na familia nzima mikono mitupu anakunywa akiba ya wenyeji. Tulibeba lita 40. Chakula kilikuwa mkate wa mofa, tende, viazi vya kuchemsha na ndizi. Chai ya maziwa na sambusa za mafuta mengi tuliziacha, kwa sababu ya kigegezi. Anayeona kichefuchefu atazame upwa wa mbali, asitazame sakafu ya boti.

Jambo la mwisho kabla ya kuondoka ni kuacha habari. Mama alipiga simu Faza usiku ule: tunaondoka saa 12, tutafika saa 2, ikifika saa 4 hamjatuona tokeni mtutafute. Saa ya kufika bila saa ya kuanza kutafutwa ni salamu tu.

Safari yenyewe haina hadithi ndefu. Nilikaa omo nikisoma rangi ya maji: samawati iliyoiva ni kina, kijani kibichi ni uhaba, kahawia ni mwamba. Asubuhi ya kwenda jua lilikuwa usoni na sikuona vizuri, kwa hivyo mjomba alikwenda polepole na kushika njia anayoijua. Siku ya kurudi jua lilikuwa mgongoni na kila fungu lilionekana. Ghuba ya Manda imebadilika tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lilipofunguliwa Mei 2021. Meli kubwa huweza kuwapo, na mawimbi yake hufika baada ya meli yenyewe kupita. Boti ndogo hukaa mbali, hupunguza mwendo na kuyakata mawimbi hayo kwa mshazari, si kwa ubavu.

Faza tulifika maji yakiwa yangali yanajaa. Nyanya alishuka akakanyaga pakavu, mdogo wake akiwa anamngoja, na nguo zake hazikulowa hata pindo. Baba na kaka walifika baadaye na magunia. Siyu hatukwenda kwa boti, kwa kuwa kijito chake kinahitaji maji ya bamvua na wakati ule yalikuwa yakipungua kila siku. Tulipanda pikipiki tukaiona ngome yake ya karne ya 19. Takwa tuliingia na maji yanayojaa kama ilivyopangwa. Tulikwama mara moja kwenye kona ya mikoko, tukangoja robo saa, tukainuka. Tulitembea katika magofu ya ule mji uliohamwa karne ya 17, tukauona msikiti wenye nguzo juu ya kibla, na kabla ya saa 6 tulikuwa tumeshatoka kijitoni.

Tulipofunga kamba gatini Lamu nilitumwa kuhesabu mitungi. Mtungi mmoja ulikuwa haujafunguliwa na mwingine ulikuwa zaidi ya nusu. Mjomba akaiweka stoo, na kesho yake alfajiri akaenda nayo kuvua.