Sufuria haina rangi yake

Weka sufuria ya aluminiamu mezani karibu na dirisha, weka kitunguu maji kando yake, kisha mpe brashi mtu anayeanza kujifunza kuchora. Bila shaka atachanganya nyeusi na nyeupe apate kijivu, aipake sufuria yote, halafu ashangae mbona imekuwa kama kipande cha saruji.

Kosa lake ni kuchora anachokijua badala ya anachokiona. Aluminiamu iliyosuguliwa vizuri ina kijivu kidogo sana cha kwake. Kilichobaki huazima kwa jirani. Upande wa dirisha kuna mstari mweupe wa mbingu. Upande wa kitunguu kuna wekundu uliovutwa ukarefuka kwa sababu ubavu wa sufuria umepinda. Chini kuna rangi ya kitambaa cha meza. Na mahali usipopatarajia, mara nyingi ubavuni kabisa mwa ule mstari mweupe, kuna ukanda mweusi tititi: ndiyo pembe ya chumba isiyofikiwa na mwanga. Ukiziweka rangi hizo mahali pake, jicho la mtazamaji litasema lenyewe kwamba hii ni sufuria.

Kitunguu kina tabia nyingine. Ganda lake haling'ai sana, kwa hiyo mwanga huhama polepole kutoka upande mng'avu hadi upande wa kivuli, na hata kivulini hakuna weusi kamili, maana meza hurudisha mwanga kidogo kutoka chini. Kivuli kinachoanguka mezani nacho kina makali pale kinapogusana na kitunguu, kisha kingo zake hulegea kadiri kinavyokwenda mbali. Anayejifunza akishika hayo mawili, metali na ganda, ameshika sehemu kubwa ya kazi. Ndiyo maana walimu huanza na vyombo vya jikoni kabla ya sura za watu: chungu hakichoki kukaa, na ukikikosea hakikasiriki.

Dirisha lenyewe lina umuhimu. Chukua mfano wa Hopkins, mji mdogo ulio magharibi mwa Minneapolis, Marekani: uko karibu na nyuzi 45 kaskazini mwa ikweta. Mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 22 hivi kutoka upeo wa macho, na dirisha linalotazama kaskazini halipati jua la moja kwa moja siku nzima. Mwanga huingia kwa ubavu, baridi na mtulivu, na theluji ya uani huuongeza kutoka chini. Kwa mchoraji hiyo ni neema. Nairobi mambo ni tofauti: Desemba jua hupita kusini mwa mji, Juni hupita kaskazini, na saa sita mchana huwa karibu utosini, kivuli chote kikakimbilia chini ya chombo. Huko inabidi ukae ndani zaidi ya chumba au uweke pazia.

Bingwa wa picha za vyombo vya jikoni, kwa maoni yangu, ni Jean-Siméon Chardin wa Paris, aliyezaliwa 1699 akafa 1779. Baba yake alikuwa fundi seremala wa meza za biliadi. Akademia ya wachoraji ilimpokea 1728, wakati ambapo wakubwa wa sanaa waliziweka picha za vitu visivyo na uhai daraja la mwisho, chini ya picha za vita na za watakatifu. Yeye akachora masufuria. Mnamo 1734 hivi alichora tangi la shaba la kuwekea maji ya nyumbani, lenye bomba dogo na lililosimama juu ya miguu ya mbao, ndoo ikiwa karibu. Ubao wenyewe hauzidi sentimita 29 kwa 23 na uko Louvre. Yeyote aliyelelewa kwenye nyumba ya kununua maji kwa wachuuzi ataielewa shughuli ile bila kuelezwa.

Nisieleweke kwamba picha isiyo na kivuli ni mbovu. Edward Saidi Tingatinga wa Dar es Salaam alipaka rangi bapa za mafuta, bila mwanga wa dirisha wala giza la pembeni, na kazi yake imesimama. Yeye alitafuta umbo na mapambo. Chardin alitafuta hewa iliyo kati ya kitu na kitu.

Mkazi wa Hopkins hana haja ya kwenda Paris. Jumba la sanaa la Minneapolis, linaloitwa Mia, lina mchoro wa Chardin wa 1766 wenye upana wa zaidi ya mita moja. Vitu vyake si vya jikoni bali ni vya karakana na heshima: sanamu ya mungu Mercury iliyobuniwa na mchongaji Pigalle, ubao wa kuchanganyia rangi, karatasi za ramani zilizokunjwa, nishani. Hata hivyo mkono ni uleule. Sogea karibu hadi uone mabaka ya rangi tu, kisha rudi nyuma taratibu mpaka mabaka yageuke kuwa vitu. Mwandishi Mfaransa Diderot aliliona jambo hilo kwenye kazi za Chardin tangu 1763. Kiingilio ni bure, Jumatatu hufungwa. Uliza mapokezi kama mchoro uko ukutani siku hiyo, na uende na watoto.