Habari za Merikebu Eurydice
Wasomaji wetu, leo twawaeleza habari za Eurydice, manowari ya matanga ya Uingereza. Ilishushwa majini mwaka 1843, na mwaka 1877 ikafanywa chuo cha mabaharia vijana. Tarehe 24 Machi 1878 ilikuwa ikirudi kutoka Bermuda, imekaribia kwao, matanga yametwekwa, na madirisha ya mizinga yako wazi ili hewa iingie. Majabali ya kisiwa cha Wight yaliificha dhoruba ya theluji, nayo ikaivamia merikebu ghafula. Ikalala ubavu, maji yakaingia madirishani, ikazama. Watu zaidi ya 300 walikufa; wawili tu wakaokoka. Basi twajifunza kwamba bahari haimhurumii mwanafunzi: madirisha hufungwa kabla upepo haujafika.