Bajeti Haithibitishi Saa
Hesabu za Mshauri, sehemu ya tatu: kutoka daftari la saa hadi ankara

Juma lililopita tuliona jinsi mshauri anavyopanga bei ya saa yake. Leo tunaingia kwenye ankara yenyewe. Hapo ndipo wapimaji ardhi, wahasibu, mawakili na vijana wa programu za kompyuta wa Homa Bay na Migori hupoteza pesa walizokwisha kuzitolea jasho.

Huku kwetu wateja wakubwa ni wa aina mbili: serikali ya kaunti, na mashirika yanayotegemea wafadhili. Nianze na mashirika, kwani ndiyo yaliyowazoeza watu wengi kuandika saa. Homa Bay imekuwa miongoni mwa kaunti zenye maambukizi mengi zaidi ya virusi vya ukimwi nchini Kenya, na Migori haiko nyuma sana. Kwa miaka mingi fedha za Marekani zimelipa matabibu na makarani wa takwimu katika vituo vya afya vya huku. Mtumishi mmoja angeweza kulipwa na miradi miwili, asilimia 60 huku na 40 kule, na kila mwisho wa mwezi akajaza taimushiti, yaani daftari la saa zake. Ni rahisi sana kuijaza kwa kunakili bajeti: mgawanyo uleule kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, hata juma ambalo mradi wa pili haukuguswa kabisa.

Kanuni ya Marekani inayotawala fedha hizo, 2 CFR 200.430, inalikataa jambo hilo waziwazi. Makadirio yaliyofanywa kabla ya kazi hayatoshi peke yake kuthibitisha gharama. Yanaweza kutumika kwa muda, kisha yarekebishwe yalingane na kazi iliyofanyika kweli. Watu huilalamikia kanuni hii kama usumbufu wa wazungu, lakini mimi naiona ina busara. Bajeti ni ruhusa ya kutumia. Daftari la saa ni ushahidi kwamba umetumia, na kwa kazi gani. Januari 20, 2025 Rais Donald Trump alipotia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, barua za kusimamisha kazi zilifuata. Kuanzia hapo tarehe ya kila saa ikawa na uzito: kazi ya kabla ya barua ilidaiwa kwa hoja moja, ya baada yake kwa hoja nyingine. Taimushiti iliyonakiliwa kutoka bajeti haiwezi kumsaidia mtu hapo.

Sasa tumchukue mshauri wa kujitegemea, wa kubuni, anayekaa Migori mjini. Ushirika wa wavuvi wa kisiwa cha Mfangano umempa kazi ya kupanga hesabu zake: shilingi 2,500 kwa saa, kikomo 300,000, yaani saa 120. Anapanda gari hadi Mbita, anangoja boti, anavuka, anafanya kazi, anarudi. Jioni anaandika: "Mfangano, hesabu, saa 9." Mweka hazina akiliona hilo kwenye ankara atauliza, na ana haki ya kuuliza, maana alimwona akiingia ofisini asubuhi na akitoka mchana. Linganisha na hili: "Saa 3:10 asubuhi hadi 7:40 mchana. Kulinganisha stakabadhi za mauzo ya omena za Machi na taarifa ya benki. Stakabadhi 14 hazina tarehe. Mweka hazina atazitafuta." Hizo ni saa nne na nusu, na anayelipa mwenyewe ni shahidi wa nusu ya maneno hayo.

Zile nne na nusu zilizobaki ni za barabarani na za kungoja boti. Wako wanaozitoza kwa bei kamili, wako wanaotoza nusu. Ushauri wangu ni kuweka kiasi kimoja cha safari kwa kila mvuko, kiandikwe kwenye mkataba, basi. Upepo ukichafuka ziwani, mteja hakuutuma, na kugombania saa za upepo hakujawahi kumzidishia mtu kazi.

Hesabu muhimu zaidi hufanywa katikati ya kazi. Mshauri wetu amefikisha saa 72, sawa na shilingi 180,000. Akitazama bajeti peke yake, ametumia asilimia 60 na anaona yuko salama. Akitazama kazi, amemaliza asilimia 40 tu. Kwa mwendo huo kazi nzima itahitaji saa 180, yaani 450,000. Siku hiyohiyo amwandikie mwenyekiti: ama tupunguze kazi, ama tuongeze kikomo. Akingoja hadi saa ya 119, ankara ndiyo itakayopeleka habari, na mteja atailipa hadi kikomo na kumwachia hasara iliyobaki. Programu kama Harvest na Clockify hufuatilia saa dhidi ya bajeti, lakini asilimia ya kazi iliyokamilika lazima uipime mwenyewe.

Kwa mteja wa kaunti mambo ni magumu zaidi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 hairuhusu mabadiliko yote ya mkataba kwa jumla yaongeze bei ya awali kwa zaidi ya asilimia 25. Kazi ya 300,000 haiwezi kuvuka 375,000, hata afisa awe rafiki yako.

Ankara ikiwa tayari, ipitishe eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato (KRA). Tangu Januari 1, 2024 gharama isiyo na ankara ya mfumo huo haimpunguzii mteja kodi ya mapato, isipokuwa zile zilizosamehewa kisheria. Ile karatasi nzuri inayotoka kwenye programu ya saa haitoshi. Peleka kwanza orodha ya saa kwa mteja, aikague na kuitia saini, ndipo utoe ankara ya kodi. Ankara ikishaingia kwenye mfumo haifutwi. Husahihishwa kwa kutoa hati nyingine ya kupunguza deni.

Ikiwa umesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT), jambo ambalo ni lazima mauzo yafikapo milioni 5 kwa mwaka, juu ya 300,000 utaongeza asilimia 16, jumla 348,000. Usitarajie kuziona zote benki. Mteja atazuia asilimia 5 ya ada kwa ajili ya kodi ya mapato, 15,000, na akiwa wakala aliyeteuliwa atazuia pia asilimia 2 kwa ajili ya VAT, 6,000. Zitakazokufikia ni 327,000. Fuatilia vyeti vya makato hayo, kwani ni pesa zako zilizoko KRA.

VAT iliyobaki inadaiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, mteja awe amelipa au hajalipa. Kwa kaunti, ambako mwaka wa fedha hufungwa Juni 30 na bili hubaki bila kulipwa, mshauri hujikuta akiikopesha serikali mara mbili. Kwa hiyo toza kila mwezi kidogo kidogo badala ya kulimbikiza, na kabla ya kutia saini mkataba soma unasema nini kuhusu riba. Kifungu cha 140 cha sheria hiyo ya 2015 kinakupa riba kwa malipo yaliyochelewa, isipokuwa mkataba useme vingine.

Mawakili wana utaratibu wao: hawawezi kumshtaki mteja kabla mwezi mmoja haujapita tangu ankara imfikie. Hayo, pamoja na jinsi msajili wa mahakama anavyokagua ada zao, tutayaona juma lijalo.